Mtu wa kifafa akianguka mbele yako usimkimbie

Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu. Asanteni kwa kuja, naona mpaka watu wa bodaboda wamepaki nje wakaingia, nimefurahi kweli maana na wao wana sehemu yao kwenye haya mazungumzo.

Leo ni kifafa, na kitu ninachotaka mtoke nacho hapa nakisema mapema kabisa: mtu akianguka mbele yako, usiogope kumgusa, msaidie. Mate yake hayaambukizi, lile povu haliambukizi, mkojo unaomtoka hauambukizi, wala ushuzi wake hauambukizi, naona wengine mnacheka ila kuna watu wanaamini hivyo mpaka leo, na ndio maana mtu anaangukia kwenye mafiga, watu wamemzunguka, hakuna wa kumvuta, anaungua mkono mpaka vidole vinashikana. Yale makovu mnayoyaona kwa wagonjwa wengi sio kifafa kimewachoma jamani, ni moto, na moto mtu unamtoa.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme, umeme mdogo sana lakini upo kweli, Mjerumani mmoja Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924. Sasa kwa mwenye kifafa kuna wakati seli nyingi zinawaka kwa pamoja bila mpangilio, kama shoti kwenye nyaya za nyumba. Shoti ikienea ubongo mzima mtu anaanguka na kukakamaa, ikibaki sehemu ndogo unaweza kuona mkono tu unatetemeka, na kuna aina nyingine mtoto haanguki, anakodoa macho tu sekunde kadhaa halafu anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea. Walimu mliopo hapa, huyo mnamchapa mkidhani hasikilizi. Msimchape, mwiteni mzazi.

Wa Morogoro mnaijua Mahenge, kule Ulanga. Miaka ya 60 mwanzoni kulikuwa na daktari mama, mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta kule wagonjwa wa kifafa wengi kupita kawaida, wametengwa, wamejaa makovu ya moto. Akafungua kliniki akaanza kuwapa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo ambacho kinajulikana kuzuia kifafa tangu 1912, na watu waliokuwa wanaanguka kila mara wakapata nafuu wakarudi shambani. Aliona pia watoto ambao kichwa kinadondoka mbele, kinainuka, kinadondoka tena, wenyeji wakisema amesinzia kichwa. Miaka mingi baadaye watoto wa namna hiyo wakaonekana wengi Kitgum na Pader kule Uganda na upande wa Sudan Kusini, na ukiangalia hizo sehemu zote zina mito inayokimbia na wale nzi weusi wadogo wanaoleta usubi, ule ugonjwa wa kuwasha ngozi na kupofusha macho. Watafiti wanaona pale usubi ulipozidi na kifafa kinazidi, namna hasa unavyofika kuharibu ubongo bado wanabishana, lakini mimi nawaambia zile dawa za usubi zinazogawiwa kijijini mezeni! Watu wanazikwepa, wanasema zinawasha. Ni kweli unaweza kuwashwa, ni vile vijidudu vinakufa mwilini. Dawa hiyo ndiyo iliyowapa waliogundua tuzo ya Nobel mwaka 2015, na wewe unaletewa bure mpaka kwenye shina lako halafu unajificha.

Sababu nyingine zipo nyingi, mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Ila hii ya minyoo ya nguruwe naomba mnielewe vizuri kwasababu watu wanaikosea. Ukila kitimoto ambayo haijaiva unapata tegu tumboni. Tegu anataga mayai, yanatoka na choo, na kama hakuna choo cha maana au mtu hanawi mikono yale mayai yanafika kwenye mboga na maji, na anayeyameza ndiye anayepata vifuko kwenye ubongo na kuanza kuanguka. Kwahiyo hata ambaye hajawahi kugusa nguruwe maishani anaweza kupata, kwa mkono tu wa aliyempikia.

Na nyie wa bodaboda, kichwa kikipiga lami mtu anaweza kupona kidonda kabisa halafu miezi au hata miaka baadaye kifafa kinaanza, kwasababu kovu limebaki ndani ya ubongo. Helmeti ivae kichwani na uifunge kamba, sio kuitundika kwenye usukani mpaka umuone trafiki, na abiria naye awe na yake.

Haya njoo kijana, lala hapa chini, tuonyeshe. Ameanguka. Kwanza ondoa jiko, mawe, kisu, chochote cha kumuumiza. Weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, fungua kifungo cha shingoni. Usimkandamize, acha atetemeke. Kijiko hapana, kidole hapana, maji hapana, hakuna mtu anayemeza ulimi, utamvunja meno tu au umpalie. Kutetemeka kukipungua mgeuze ubavu hivi, goti la juu likunje mbele limzuie asirudi, mdomo uangalie chini ili mate yatoke. Umeona? Angalia saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au ameanguka tena kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au kaumia, kimbizeni hospitali. Akiamka atakuwa amechanganyikiwa, kaa naye, mfunike kama kajikojolea.

Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa mpaka 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Lakini ni kila siku, sio siku ya kuanguka. Mtu anakaa miezi mitatu mzima, anasema nimepona, anaacha ghafla, na hapo ndipo kinarudi kwa nguvu, kinapiga mfululizo na kinaweza kuua. Ukitaka kwa mganga au kuombewa nenda, sikukatazi, ila dozi isikatike, na vidonge vikibaki vya wiki moja fuata vingine.

Mama pale nyuma anauliza binti yake yuko kwenye dawa na anataka kuolewa, je atazaa? Atazaa mama, wengi wanazaa watoto wazima kabisa. Asiache dawa kwa kuogopa. Ila kuna dawa moja, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwahiyo mpeleke kliniki na kadi yake sasa hivi kabla hajabeba mimba, daktari aangalie anatumia ipi, kama ni hiyo atambadilishia taratibu na kumuanzishia vidonge vya foliki, na huyo mume mtarajiwa aende naye, afundishwe hivi tulivyomlaza huyu kijana.