Simu ikishapata moto

Ndugu zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kufika katika joto hili la Dar es Salaam, maana joto ndiyo mada yenyewe.

Ukiingia duka la simu Kariakoo ukauliza prosesa, yaani ubongo wa simu, muuzaji atakutajia idadi ya viini, yaani sehemu zake zinazofanya kazi, na gigahetsi, kipimo cha kasi ya mapigo yake. Ni kweli, ila hivyo vinaeleza kilele, na kilele hakidumu. Ninawaomba muulize hivi: simu hii ikitumika nusu saa mfululizo, inabaki na kasi gani?

Joto hutokana na umeme unaoliwa, na ulaji wa umeme wa prosesa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi ya mapigo yake, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Na mapigo ya kasi zaidi hudai volti zaidi. Sasa pigeni hesabu: punguza vyote viwili kwa asilimia 20. Ni 0.8 ya kasi, mara 0.8 mara 0.8 za volti, jibu 0.512. Umetoa moja ya tano ya kasi, na ulaji umeshuka karibu nusu! Hesabu hii inanisisimua hadi leo. Kasi ile ya juu kabisa ndiyo ghali kuliko yote.

Ndiyo maana mwaka 2011 kampuni ya ARM ya Uingereza ilitangaza big.LITTLE: kiini kikubwa, Cortex-A15, kibebe kazi nzito, kidogo, Cortex-A7, kishike nyepesi. Vyote vinaelewa maagizo yaleyale, kwa hiyo kazi inahamishwa huku programu ikiendelea. Apple waliingia njia hiyo mwaka 2016 na prosesa ya A10 Fusion. Kwa hiyo ukiambiwa "viini vinane", usidhani vinalingana.

Mtazameni dereva wa bodaboda saa saba mchana, Barabara ya Morogoro. Simu imefungwa kwenye usukani, jua linaipiga usoni, mwanga wa kioo uko mwisho, ramani inafuata satelaiti, data imewashwa. Simu yake haina feni. Joto litoke kupitia mgongo, na mgongo umezibwa na kava la mpira. Likivuka kikomo, prosesa inajishusha kasi, kioo kinafifia, ramani inakwama anapokaribia Ubungo, abiria nyuma anauliza kulikoni. Hapo simu ya bei kubwa inaweza kupitwa na ya kawaida yenye prosesa tulivu. Na betri inayoshinda kwenye moto huo huchakaa mapema.

Mnaoandika programu, hili ni lenu pia. Android 6, mwaka 2015, ilileta Doze ili kazi za chinichini zisubiri zamu simu ikiwa imetulia. Lakini simu ikiwa mkononi, mzigo ni wenu. Kila mkiamsha redio ya mtandao, ile sehemu ya simu inayowasiliana na mnara, inabaki macho sekunde kadhaa hata mkiwa mmetuma herufi mbili tu. Kusanyeni data, itumeni kwa mkupuo, na msiulize seva kila dakika kama kuna jipya. Acheni seva iwaite.

Karibuni maswali.