Tao Moja, Majira Manne: Kupiga Picha Miamba ya Arches

Asanteni kwa kuja. Naomba taa za mbele zipunguzwe kidogo, maana picha zangu karibu zote ni za vivuli, na kivuli kikimulikwa na taa ya ukumbi hakionekani.

Hii ya kwanza mnaijua, hata kama jina lake limewatoka. Ni Delicate Arch, tao la mwamba mwekundu lenye urefu wa mita 16 hivi, katika Hifadhi ya Taifa ya Arches, jimbo la Utah, Marekani. Imo hata kwenye vibao vya namba za magari ya jimbo hilo. Niliipiga mwezi Juni, jua likikaribia kuchwa, nikiwa nimebanwa kushoto na kulia na watu wenye tripodi, yaani vile vigoda vya miguu mitatu vya kushikilia kamera. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini jirani yangu wa kushoto anayo, na jirani yake anayo. Nimeileta ili tuiondoe njiani mapema.

Nilikwenda mara ya kwanza kiangazi, kama waendavyo wengi, nikarudi nimejaza kadi tatu, nikadhani nimemaliza. Nilipokaa kuzichambua niligundua kwamba nilikuwa na picha moja, nimeipiga mara mia sita. Mwanga ule ule, mbingu ile ile, vivuli vyote vimelala upande mmoja. Ndipo nilipoanza kurudi.

Sasa, nini hasa kinabadilika? Jiwe halina majani ya kupukutisha. Kinachohama ni jua. Hifadhi hii iko karibu nyuzi 39 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, jua linapanda hadi nyuzi 75 hivi juu ya upeo, yaani liko karibu utosini. Mwishoni mwa Desemba, saa hiyo hiyo, halifiki hata nyuzi 30. Na mahali linapozama panasogea: kati ya Juni na Desemba machweo yanahama kwa nyuzi 60 kando ya upeo wa magharibi. Ukuta unaoguswa na jua la jioni mwezi Juni unaweza kushinda gizani Desemba nzima, na ule uliokuwa mweusi ukawaka. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Tao fulani lipigwe saa ngapi?" nawe muulize, "Mwezi gani?"

Yapo mambo machache yasiyobadilika sana. Landscape Arch, tao lingine la hifadhi hii, huelekea mashariki, kwa hiyo ni ya asubuhi mwaka mzima. Ukiwahi nyuma ya North Window, tao lenye umbo la dirisha, kabla ya jua kuchomoza, utaiona Turret Arch ndani ya dirisha hilo, na mwanga wa kwanza unaishukia. Picha hiyo nayo imepigwa mno, lakini siwezi kuwaambia muiache. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Kiangazi nitakipitia haraka. Joto linavuka nyuzi 38 za Selsiasi, na kuanzia saa nne asubuhi mwanga unakuwa bapa, jiwe linapauka kama nguo iliyoanikwa mno. Wengi hapo hurudi hotelini kulala. Wanakosea, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mnisikilize vizuri.

Chumvi iliyoachwa na bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita imelala chini ya hifadhi yote. Chumvi ikielemewa na uzito husogea, kama unga uliokandwa ukibonyezwa. Iliposogea, tabaka za mawe zilizokuwa juu yake zilipinda na kupasuka kwa nyufa zinazokwenda sambamba. Maji yakapanua nyufa hizo, zikabaki kuta nyembamba zilizosimama bega kwa bega. Wenyewe wanaziita mapezi, kama ya samaki. Matao hutobolewa kwenye mapezi hayo. Yameorodheshwa zaidi ya 2,000.

Kwa mpiga picha, vichochoro vilivyo kati ya mapezi ni hazina. Saa sita mchana, jua kali linapiga ukuta mmoja tu, juu kabisa. Ule ukuta unaurudisha mwanga upande wa pili, ukiwa umeshachukua rangi ya jiwe, ambayo ni kutu ya chuma iliyomo kwenye mchanga. Ukuta wa pili unaurudisha tena. Ukifika chini mwanga umekuwa rangi ya kaa la moto, laini, hauna kivuli hata kimoja. Tazameni hii. Hakuna jua linalogusa chochote ndani ya fremu. Sikuongeza rangi.

Nilikosea nini mara ya kwanza? Niliiachia kamera ichague yenyewe urari wa nyeupe, yaani mpangilio unaoamua cheupe kionekane vipi kwenye picha. Kamera iliona rangi ya chungwa imezidi, ikadhani ni kasoro, ikaifuta. Nikapata picha za ukuta wa saruji. Wekeni alama ya jua, ile ya mchana wa kawaida, msiiguse tena. Na msiruhusu kipande cha mbingu kiingie kwenye fremu, hata kidogo. Kikiingia kitaungua cheupe, na jicho la mtazamaji litakwenda pale pale na kugoma kutoka.

Vichochoro vingi zaidi viko Fiery Furnace. Jina hilo ni kama kusema tanuru la moto, lakini limetokana na rangi yake jioni, si joto. Ndani ni baridi kuliko nje. Huingii bila kibali au bila kuongozana na askari wa hifadhi, na watu hupotea humo kweli kweli.

Kuanzia Julai hadi Septemba huja mvua za radi za alasiri. Kwa mwaka mzima jangwa hili hupata sentimita 20 hadi 25 tu za mvua, kwa hiyo inapokuja huja kwa hasira. Jiwe likilowa hugeuka kutoka rangi ya matofali hadi rangi ya damu ya mzee, na vishimo vya juu ya mwamba hujaa maji. Lala kifudifudi, lenzi pana ikaribie maji kiasi cha kidole, utapata tao mbili, moja kichwa chini. Usiingize mguu wala mkono humo. Kuna viduduvidudu mfano wa kamba wadogo ambao mayai yao yalingoja kwenye mchanga mkavu, pengine miaka, wakisubiri maji hayo hayo.

Vuli nitaisemea kwa picha moja tu: miti ya cottonwood kando ya Courthouse Wash, mkondo wa maji wa hapo, imegeuka manjano, nyuma yake ukuta mwekundu. Ni mwisho wa Oktoba, Novemba mwanzoni. Nzuri, lakini mimi siioni ajabu.

Baridi ndiyo majira yangu. Theluji ikianguka usiku, una saa chache. Pande zinazotazama kusini zinayeyuka kabla ya saa sita, za kaskazini zinabaki nyeupe siku kadhaa, na kila pezi linakuwa na sura mbili. Milima ya La Sal nyuma yake, yenye vilele vinavyokaribia mita 3,900, inakuwa nyeupe yote. Vivuli kwenye theluji ni vya buluu, kwa sababu vinamulikwa na mbingu peke yake. Buluu na nyekundu kwenye fremu moja, bila ujanja wowote.

Theluji huidanganya kamera. Kamera inataka dunia iwe ya kijivu, kwa hiyo itaikandamiza theluji mpaka iwe kama majivu. Ongezeni mwanga kwa hatua moja, halafu mtazame histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha mwanga na giza, badala ya kioo, kwa sababu kwenye jua kali kioo nacho ni mwongo. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mimi Januari moja niliziacha mbili kwenye begi, nikapanda ile njia ya Delicate Arch, karibu kilomita tano kwenda na kurudi, nikafika juu na kamera iliyokufa. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale juu, na betri zake hazikufanana na zangu. Nikakaa nikatazama. Halafu shukeni taratibu: mwamba ule mpana ulioinama, ukiwa na barafu, unahitaji vyuma vya kuvaa chini ya viatu.

Picha hii haina tao. Ni ufa wenye upana wa kidole, na ndani yake barafu. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia tisa hivi, na ufa unasukumwa. Mchana yanayeyuka, yanashuka ndani zaidi, usiku yanaganda tena. Sasa angalieni ukingo wa barafu, pale chini kulia. Zile chembe nyekundu ni mchanga uliobanduka. Nilitumia lenzi ya vitu vidogo, kwa magoti, nusu saa nzima, na naipenda kuliko ile ya Delicate Arch.

Maana kazi hiyo haijaisha. Tarehe 1 Septemba 1991 kipande chenye urefu wa mita 18 hivi kilimeguka kutoka Landscape Arch, wageni wakiwa hapo. Njia iliyopita chini yake ilifungwa baadaye. Agosti 2008, usiku, Wall Arch ilianguka yote, upana wa mita 22 hivi. Ilikuwa kando ya njia ya watu. Maelfu wameipiga wakiwa wanapita kuelekea kwingine.

Masharti, kwa ufupi, kabla ya maswali. Droni hapana. Kumulika mawe kwa taa zako usiku hapana. Hifadhi inatambuliwa kimataifa tangu 2019 kwa giza la mbingu yake ya usiku, na nyota zinatosha. Mwaka 2000 mpiga picha mmoja aliwasha moto chini ya Delicate Arch apate mwanga mzuri, akaacha madoa kwenye jiwe, akaishia mahakamani. Na msitoke njiani: lile gamba jeusi la udongo lina uhai, na alama ya kiatu kimoja hudumu miaka mingi.

Nina picha mbili za mwisho, nitaziweka pamoja. Nilisimama mahali pamoja, lenzi ile ile, saa kumi jioni zote mbili. Moja ni ya Juni, moja ya Januari. Theluji hakuna kwenye yoyote. Kabla taa hazijawashwa, nani ananiambia ipi ni ipi? Wewe dada wa safu ya tatu, naona umeshanyoosha mkono.