Rekebisha Chai Kabla ya Kuongeza Sukari

(Mazungumzo niliyotoa Arusha, nimeyaandika kama nilivyoongea)

Wazee wangu shikamooni. Vijana habari zenu, na asanteni kwa kuja wengi hivi na mvua yote ya leo asubuhi. Naona kuna watu wameshaliona hili jiko la gesi na sufuria wanajua leo watakunywa, na ni kweli mtakunywa, ila naomba mnisikilize kwanza maana chai naipenda na inaniuma sana nikiona inavyoteswa majumbani kwetu.

Nina jambo moja tu. Chai nyingi tunazokunywa hazijapikwa vizuri, alafu tunaficha kwa sukari. Majani yanaingia kwenye maji ya baridi, yanachemka pamoja na tangawizi na maziwa dakika ishirini, mama anafua huko nje, akirudi chai imekuwa chungu inakwaruza ulimi, sasa hapo lazima vijiko vitatu vinne vya sukari ndio ipite kooni. Mi nasema tuirekebishe chai yenyewe, sukari itapungua bila kugombana na mtu.

Tuanze na majani. Chai ya kijani, chai nyeusi, ile nyeupe ya bei mbaya, yote inatoka kwenye mmea mmoja, tofauti ni yanavyofanywa baada ya kuchumwa. Hapa nchini chai inalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Kagera, na kwa majirani zetu hapo Usambara, Lushoto, Bumbuli na Amani, ambako Wajerumani waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Sisi wa Meru na Kilimanjaro ni watu wa kahawa, lakini ingia jikoni kwa Mchagga au Mmeru yeyote asubuhi, shambani kahawa imejaa chini ya migomba na mezani kuna chupa ya chai. Kahawa tunauza, chai tunakunywa. Kwahiyo kujua kuipika sio jambo dogo, ni kitu tunachokifanya kila siku ya Mungu.

Sasa mwageni majani kidogo kiganjani muyaangalie. Mengi ya dukani ni punje ndogo ngumu nyeusi. Hizo zimepita kwenye mashine inayosaga jani, inalichana na kuliviringisha, mtindo ulioanzia Assam kule India miaka ya 1930. Jani likishachanwa hivyo linaachia kila kitu haraka sana likikutana na maji ya moto. Harufu, rangi na kafeini vinatoka mwanzo mwanzo, ndani ya dakika tatu nne umeshapata karibu yote unayoyataka. Inayoendelea kutoka ni tanini, ile inayokausha mdomo ukila ndizi mbichi. Kidogo inaipa chai nguvu, ikizidi ndio ule ukakasi unaotufanya tukimbilie bakuli la sukari. Kwahiyo ukichemsha majani dakika ishirini hupati chai kali zaidi, unapata chai chungu zaidi. Ukitaka kali ongeza majani, usiongeze muda. Hapo mkiniambia hamkusikia ntarudia.

Alafu tafadhali, majani yakae kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na vitunguu, sabuni na mafuta ya taa. Majani ya chai yanavuta harufu vibaya mno, na kuna maduka yanaweka pakiti iliyofunguliwa rafu moja na sabuni ya unga, unafika nyumbani unakunywa sabuni.

Maji. Hapa nataka tukae kidogo, maana sisi watu wa Arusha tuna habari yetu na maji.

Nimeweka glasi tatu hapa, chai ya rangi ya birika moja, mmeniona nikimimina. Ya kwanza siigusi. Ya pili nakamulia limao, matone tu. Angalieni, we kijana wa mbele sogea useme unachokiona. Imepauka eeh? Imekuwa ya dhahabu. Ya tatu naweka magadi, hiki kidogo cha kwenye ncha ya kijiko. Mnaona ilivyogeuka nyeusi, mpaka mwanga haupiti tena. Majani ni yale yale, dakika ni zile zile. Rangi ya chai inafuata maji, yakiwa na uchachu inakuwa nyepesi, yakiwa na magadi inakuwa nzito na ule ung'avu wa ladha unapotea, inabaki chai iliyopooza. Sasa maji ya sehemu nyingi za huku chini ya Meru yamepita kwenye mawe ya volkano na yamebeba chumvi za magadi. Ndio maana mtu anakuja na majani yake yale yale kutoka Moshi mjini anapika huku anasema mbona chai imekuwa nyeusi na haina utamu. Haijaharibika dada, ni maji.

Na kwenye hayo hayo mawe kuna floraidi, madini ambayo yakizidi yanatia meno madoa ya kahawia. Hili siongei kwa kutisha watu, wote hapa tuna ndugu mwenye meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kuna visima na mito ukanda huu, sehemu kama Maji ya Chai, Ngurdoto na kwingine, vinavyopita hapo kwa mbali. Kuchemsha hakuitoi. Tena ukichemsha sana maji yanapungua floraidi inabaki, inakuwa imekolea. Na majani ya chai yenyewe yana floraidi yake, hasa majani yaliyokomaa, kwahiyo chai ya maji mabaya ni mzigo juu ya mzigo. Wanaoumia meno ni watoto ambao meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, kuanzia wachanga mpaka miaka minane hivi. Ombi langu kwa mama wa Usa River na kote huko, chai na uji wa watoto pikeni kwa maji ya mvua mliyokinga vizuri, ile mvua ya kwanza inayosafisha bati iacheni imwagike, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto kuna kituo cha wizara ya maji kinachofanya kazi hiyo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Na ukipika kwa maji ya mvua utaona chai imebadilika hata ladha, inakuwa na harufu ambayo hukuwahi kuisikia kwenye majani yako.

Haya, sasa tupike. Hii sufuria ni ya vikombe vinne vikubwa, lita moja hivi. Maji kwanza, nusu na robo ya nafasi, iliyobaki ni ya maziwa, wewe unayependa nzito weka nusu kwa nusu ni sawa. Maji yakiwa bado baridi naweka viungo, tangawizi kipande cha kidole gumba nimeiponda kwenye kinu na maganda yake nimeosha tu, iliki punje nne nazo nimezivunja na ganda lake maana ganda lina harufu, mdalasini kijiti kifupi. Karafuu moja tu, ukiweka tatu hiyo sio chai tena. Viungo ndio vinavyotaka muda, sio majani. Vichemke dakika saba, nane, kumi, nyumba nzima inukie.

Mama hapo nyuma ananiuliza kwanini maziwa yake yanakatika akiweka tangawizi. Swali zuri sana mama yangu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, ila kimeng'enya hicho kinakufa kikichemshwa. Kwahiyo tangawizi ichemke kwenye maji kwanza, dakika kadhaa za kuchemka kweli sio kupata joto tu, ndipo maziwa yaingie. Anayeweka tangawizi kwenye maziwa ya uvuguvugu atapata mgando kila siku na kumlaumu muuza maziwa bure. Ingawa kuna siku muuza maziwa naye anahusika, maziwa ya asubuhi yaliyoshinda juani yakigusa moto tu yanakatika yenyewe.

Sasa maziwa yanaingia. Haya ni ya ng'ombe wa ndani, mabichi, kwahiyo lazima yapande yachemke sawasawa, hilo sina mjadala nalo, ukinywa maziwa yasiyochemka unacheza na brusela na kifua kikuu. Yamepanda, napunguza moto, yapande tena. Sasa hivi ndio, na sio kabla, naweka majani, vijiko vinne vya chai vya kusawazisha, kijiko kwa kikombe. Moto mdogo kabisa, dakika tatu. Maziwa yanakamata sehemu ya tanini, ndio maana chai ya maziwa inavumilia majani kidogo zaidi kuliko ya rangi. Angalieni rangi inavyotoka pembeni inaingia katikati... hapo, hiyo ya udongo mwekundu, basi. Zima. Chuja. Majani yatoke yote, usiache hata ya kusindikiza.

Strungi, yaani chai ya rangi, ni rahisi zaidi, maji yachemke, zima moto, weka majani, funika dakika nne, chuja. Mchaichai ukiwa nao bustanini weka majani mawili umeyafunga fundo. Na wale wa chai ya kijani wanaolalamika ni chungu, mnaiunguza, acheni maji yapoe kidogo mpaka nyuzi 75 au 80 ndio mmimine.

Muonjesheni mtu mmoja bila sukari kwanza. Wewe dada. Usikunje uso kabla hujaonja! Haya. Amesema inanyweka. Weka kijiko kimoja sasa uonje tena, anasema inatosha. Mnaona? Kijiko kimoja ni gramu 4 hivi, mtu wa vijiko vitatu kwa vikombe vitatu ameshapiga gramu 36 kabla hajagusa andazi, na Shirika la Afya linashauri tukiweza tusizidi gramu 25 kwa siku nzima. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea.

Kitu kingine nakisema haraka ila wajawazito na wenye mabinti mkishike. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani. Chapati maharage na chai ya rangi pembeni ni tamu najua, lakini aliyeambiwa kliniki damu yake ni ndogo amalize kula, apumzike saa moja ndio anywe chai, na pale kwenye maharage ale na chungwa.

Kuhusu chupa, maana nimeulizwa na watu wawili. Suuza na maji ya moto kabla ya kumimina, chupa ya baridi inakula joto la chai. Iliyoingia iwe imeshachujwa. Ya rangi inakaa hata siku nzima, ya maziwa usiivushe mchana, ikishapoa na kuwa vuguvugu ndio wadudu wanazaliana. Chupa inayonuka weka siki, maji ya moto na mchele kiganja kimoja, tikisa.

Swali la mwisho, kijana wangu anayefanya kazi ya upagazi mlima Kilimanjaro, anasema kambi ya Kibo chai haikolei hata wakiweka majani mengi wageni wanalalamika. Hapo ni mwinuko. Maji yanachemka mapema kadri unavyopanda. Moshi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, hapa Arusha 95, kambi ya Horombo kama 88, na Kibo uko juu ya mita 4,700, yanachemka kwenye 84 au 85. Yanaruka povu unadhani yameiva kumbe hayana joto la kuvuta chai, na kuongeza moto hakusaidii, gesi inaisha bure joto halipandi. Fanya hivi, chagua majani ya punje ndogo kabisa, muda uongeze mpaka dakika saba au nane, na ufunike muda wote, usikae unafunua funua. Chupa iwe imeshapashwa. Tangawizi isagwe laini kabisa, vipande vikubwa kule juu havitoi kitu. Mkiwa na presha kuka ndogo kwenye mizigo ya jikoni hiyo inasaidia sana tangawizi, ndani yake maji yanapanda joto kuliko hata ya hapa mjini, chemshia humo maji na tangawizi, ngoja presha ishuke yenyewe, fungua, weka majani hapo hapo, funika, ila presha ikishaisha maji yanarudi kwenye zile nyuzi 84 au 85, kwahiyo majani bado yanataka muda wake ule ule. Na maziwa kule ni ya unga, koroga pembeni na maji ya uvuguvugu kwanza ndio umimine mwishoni baada ya kuchuja, hayataganda madonge.