Maua ya Karatasi kwa Watoto wa Darasa la Kwanza: Salamu Kutoka Saitama

Watazamaji wangu wapendwa, hamjambo huko nyumbani. Leo sipo jikoni wala ndani ya treni kama mlivyonizoea. Nimekaa sakafuni, chumbani kwangu hapa mkoani Saitama, kaskazini ya Tokyo, na vipande vya karatasi ya waridi vimenizunguka hadi vingine vimenasa kwenye soksi. Keshokutwa shule ya msingi ninayofanyia kazi nikiwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza itawapokea watoto wa darasa la kwanza, nami nimekabidhiwa maua ya ukuta wa nyuma. Kwa kuwa wengi mnaonitazama ni walimu, nimeona niwaonyeshe kazi yenyewe badala ya kuwasimulia tu matokeo yake.

Mwaka wa shule wa Japani huanza mwezi wa Aprili. Tarehe 1 walimu waliohamishwa huripoti katika vituo vyao vipya, na siku chache baadaye hufanyika nyugakushiki, yaani sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya, hivyo darasa ambalo wiki iliyopita lilikuwa tupu linapaswa kupendeza kabla wazazi hawajafika na kamera zao. Watu wa huku wanapenda sana picha ya mtoto aliyesimama langoni mwa shule chini ya msakura, yaani mcheri wa Kijapani, uliochanua. Bahati mbaya, msakura haufuati ratiba ya shule. Maua yake hudumu kama wiki moja hivi, na miaka ya karibuni yamekuwa yakiwahi: mwaka 2021 mjini Kyoto yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 1,200. Hapa kwetu mvua ya juzi imeyaangusha yote. Msakura watakaoukuta watoto hawa, basi, ni huu wa karatasi.

Kazi hii hatuifanyi walimu peke yetu. Katika shule yetu wanaopamba darasa la kwanza ni wanafunzi wa darasa la sita, ambao kwanza hulipiga deki, hufuta meza moja moja, kisha hupanda juu ya viti kutundika minyororo ya karatasi huku mwalimu akiwashikilia. Ubaoni, ambao hapa ni wa kijani kibichi, wameandika maneno ya pongezi kwa hiragana peke yake, yaani herufi rahisi za silabi, kwa sababu mtoto wa miaka sita bado hajaanza kufundishwa kanji, zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina, shuleni. Kijana mmoja mrefu, ambaye kwa kawaida hanijibu hata salamu ya asubuhi, alirudia herufi moja mara tatu hadi ikakaa sawa.

Sasa tazameni mikono yangu. Karatasi ya kawaida ya origami (ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi) ni mraba wa sentimita 15 kwa 15, na pakiti yake katika maduka ya yen 100 huuzwa yen 110 ukijumlisha kodi. Ua la msakura lina petali tano, na hapo ndipo penye ugumu, kwa maana mraba hukunjika kirahisi mara mbili, mara nne au mara nane, lakini mara tano hautaki. Ukunje mraba katikati upate umbo la mstatili, kisha uweke alama katikati ya ule upande uliokunjwa. Kwenye alama hiyo una pembe ya nyuzi 180, ambayo ukiigawa kwa tano unapata nyuzi 36. Kunja vipande hivyo vitano kwa kupishana, kimoja mbele na kinachofuata nyuma, hadi ubaki na kabari moja nyembamba. Kabari hiyo ni nusu ya petali. Chukua mkasi ukate mviringo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukiacha upande mmoja uwe mrefu zaidi, na kwenye ncha ya upande huo mrefu ukate kipengo kidogo, maana petali ya msakura huwa na mkato nchani. Ukikisahau kipengo, watoto watakuambia hilo si ua la msakura, na watakuambia bila huruma. Mimi mara ya kwanza nilikata mstari ulionyooka wa mshazari, nikakunjua, nikapata nyota safi kabisa ya pembe tano. Ile nyota bado ninayo.

Maua makubwa yanayozunguka ubao ni rahisi zaidi. Hutengenezwa kwa karatasi nyembamba iitwayo ohanagami, ambayo ni ndugu ya karatasi zetu za shashi. Panga karatasi tano moja juu ya nyingine, zikunje marinda kama ya sketi ya shule, zifunge katikati kwa mpira au stepla, halafu nyanyua tabaka moja baada ya jingine kuelekea katikati. Usiharakishe katika hatua hii ya mwisho, kwa kuwa karatasi hii huchanika hata kwa kucha.

Kuna aliyeniuliza kwa nini situndiki korongo wa karatasi, ambao ndio watu wa mbali wanaowafahamu zaidi katika ufundi huu. Korongo elfu moja waliotungwa kwenye uzi hapa hupelekwa zaidi kwa mgonjwa hospitalini, au kwenye mnara wa amani wa watoto kule Hiroshima. Kwa siku ya kwanza ya shule naona ua linatosha.

Mwalimu wa Tanga au Muheza asihangaike kuupanda msakura katika ukuta wa darasa lake. Shule zetu Tanzania hufunguliwa Januari, wakati mikrismasi iliyowaka kwa wekundu tangu Novemba bado ina maua au ndiyo kwanza inayapukutisha uwanjani. Ua la mkrismasi nalo lina petali tano: nne ni nyekundu, na ya tano husimama peke yake, ikiwa na madoa meupe na ya njano. Kunja kwa nyuzi zile zile 36, tumia karatasi nyekundu, usikate kipengo, kisha petali moja uipake rangi kwa mkono. Kama karatasi ya rangi haipatikani, paka rangi kurasa za daftari lililokwisha. Najua madarasa yenu yana watoto wengi kuliko haya ya huku, ambayo darasa la kwanza kisheria halizidishi 35, na ndiyo maana ningewaachia wanafunzi wa darasa la saba wakate, nanyi mbaki na kazi ya kuandika majina.

Kila ua hapa litaandikwa jina la mtoto na kubandikwa kwenye meza yake. Watoto walioandikishwa ni 31, lakini nakata maua 33, kwa sababu karani wa shule amenidokeza kwamba kuna familia inayohamia mtaani wiki hii na bado haijafahamika ina watoto wangapi. Nimekwisha kukata 24. Naizima kamera sasa, nimalizie haya tisa.