Nani Ananilipa Huku Ohio? Jibu Langu, na Kura ya Kodi ya Watu Wenye Ulemavu

Mwadila, ndugu zangu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa yote. Leo najibu swali moja tu, maana limejaa kwenye komenti tangu niliposema nafanya kazi gani huku: "Kaka, hao watu wenye ulemavu unaowahudumia, nani anakulipa? Serikali ya Marekani inagawa hela?" Wengine wameongeza: "Na mbona siku hizi umegeuka mwanasiasa, unahimiza watu wa Ohio wapige kura kukubali kodi ya kuwahudumia hao watu?"

Yanayokuja nayajua. Nikitaja hela mtasema najisifu. Nikitaja ugumu mtasema nalalamika, kama pagumu si nirudi. Safari hii liko na la tatu, kwamba napigia debe mshahara wangu. Hilo la tatu lina ukweli na silikwepi: kodi hii ikikataliwa, kazi za aina yangu zinapungua. Lakini anayeumia kwanza siyo mimi.

Nafanya kazi kwenye nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu walioupata tumboni au utotoni: ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo. Yupo mmoja hawezi kusimama, na ni mzito kuliko mimi. Asubuhi namnyanyua kitandani kwa winchi yenye kitambaa kama machela. Chakula chake kinasagwa mpaka kinalainika kabisa, na maji yake yanatiwa unga wa kuyafanya mazito, kwa sababu maji mepesi yanampalia na kuingia kwenye mapafu. Kijiko kimoja, unasubiri ameze, unaangalia koo, ndipo cha pili. Kifungua kinywa kinaweza kuchukua saa nzima. Ukimharakisha umempa nimonia. Kwa hiyo mtu akiniambia idadi ya wahudumu ipunguzwe ili kubana matumizi, mimi naona kile kijiko.

Sasa hela. Sehemu kubwa inatoka Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 1965. Ndani yake kuna utaratibu, sisi kazini tunauita weva, unaomwezesha mtu kuhudumiwa nyumbani au mtaani kwake badala ya kupelekwa kuishi kwenye taasisi. Serikali kuu ya Washington inatoa zaidi ya nusu ya gharama. Iliyobaki lazima itoke ndani ya Ohio, na kwa watu wengi wenye weva anayeitoa ni bodi ya kaunti. Ohio ina kaunti 88, na bodi hizi za watu wenye ulemavu ziliwekwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1967. Bodi hizo hizo nyingi ndizo zinazotuma wataalamu nyumbani kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, wamfundishe mama namna ya kumkalisha, kumlisha, kumchezesha, kabla viungo havijakakamaa.

Bodi inapata wapi hela? Kodi ya nyumba na viwanja. Na kodi hiyo hakuna mkubwa anayeamka asubuhi akaipanga. Inawekwa kwenye karatasi ya kura, wakazi wa kaunti wanasema wanaikubali au wanaikataa. Wakikataa, haikusanywi. Na hapa ndipo watu wengi hawapaoni: hela ya Washington inakuja kwa kulinganishwa na ya hapa. Kaunti ikikosa fungu lake, na lile la Washington kwa mtu huyo haliji. Kura moja ya hapana inafunga milango miwili.

Kwa hiyo wale mnaoniandikia "Wazungu wanapewa bure", hapana. Ni majirani wamekubali kukatwa. Yule mzee anayefyeka majani ng'ambo ya barabara, analipa. Mwenye duka la matairi, analipa. Mimi napanga, lakini mwenye nyumba anaiingiza kwenye kodi yangu ya pango, kwa hiyo nalipa.

Wanalipa kiasi gani? Kodi hii inahesabiwa kwa mili. Mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 ya thamani inayotozwa kodi, na Ohio thamani hiyo ni asilimia 35 tu ya bei ya nyumba sokoni. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa dola 70,000. Mili 1 kwa nyumba hiyo ni dola 70 kwa mwaka, hazifiki dola 6 kwa mwezi. Kaunti nyingi zinaomba zaidi ya mili 1, kwa hiyo zidisheni wenyewe. Sisemi ni hela ndogo. Kuna wastaafu huku nyumba ni yao lakini mkononi hawana kitu, na kodi za nyumba zimewabana kweli. Mtu wa hivyo akisita mimi simtukani, nakaa naye tunapiga hesabu.

Ila kuna uongo mmoja unaozunguka, hata kwenye magrupu yetu ya Watanzania, kwamba nyumba zikipanda bei bodi nazo zinavimba hela, kwa hiyo hazina haja ya kuomba tena. Sivyo. Tangu mwaka 1976 Ohio ina sheria inayofanya kodi ya namna hii ikusanye kiasi kile kile kwa nyumba zilizokuwepo, hata bei zikipanda, kiwango kinashushwa. Mishahara ya wahudumu imepanda, mafuta yamepanda, chakula kimepanda, fungu limekaa pale pale. Ndiyo maana bodi zinarudi kwa wapiga kura.

Na hela zenyewe hazitoki kirahisi, msidhani. Kwa wale ninaowafuata majumbani kwao, kazi inalipiwa kwa vipande vya dakika 15. Nikifika nabonyeza programu ya simu inayorekodi saa na mahali nilipo, nikiondoka nabonyeza tena. Kisha naandika alikula nini, alianguka au hakuanguka, dawa saa ngapi. Kabla ya hapo nilichukuliwa alama za vidole, nikasomea huduma ya kwanza, na cheti cha kugawa dawa kinahuishwa kila mwaka. Kuna kampuni niliwahi kufanya nayo kazi, siitaji, simu ilikosa mtandao nikiwa kwa mteja na saa zangu zikapotea kwenye mfumo. Nilimlisha mtu, nilimwogesha, nilimlaza, kisha naambiwa sikuwepo. Nilizungushwa fomu juu ya fomu, na mwenye nyumba wangu naye yuko mlangoni. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kodi za wananchi zilishatoka kwa ajili ya kazi ile.

Kuna komenti nyingine nimeiacha kwa muda mrefu: "Unalea watoto wa Wazungu, na mtoto wa dada yako nani anamlea?" Aliyeandika anajijua, tumesoma wote Pamba. Basi leo nijibu.

Dada yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanawe wa pili alizaliwa akachelewa kulia, akapata mtindio wa ubongo. Wanaishi Mabatini, juu kwenye mawe, mnakujua kule. Alipokuwa mdogo dada alimbeba mgongoni akashuka naye mpaka barabarani kwenda Bugando kwa mazoezi ya viungo. Sasa amekua, miguu inaning'inia karibu na magoti ya mama yake. Kiti cha magurudumu nilichomtumia kipo ndani, kwenye yale mawe hakishuki. Kinachomsaidia ni kiti cha mbao alichotengenezewa na fundi seremala wa mtaani: kina kona mbili za kumshika mgongo, meza mbele, na kibao katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Na giza la mwezi linapoingia, dagaa wanapatikana, dada anatakiwa awe mwaloni alfajiri. Siku ya kliniki ikiangukia humo, achague: mazoezi ya mtoto au mtaji. Mara nyingi mtaji unashinda, kwa sababu mtaji ndio unaowalisha wote wawili. Natuma ninachoweza. Lakini hela ya ndugu mmoja wa ughaibuni haimleti mtaalamu wa viungo mlimani Mabatini, wala haimsaidii jirani yake ambaye hana ndugu ughaibuni.

Ndiyo maana haya ya Ohio nawaletea na ninyi. Nyumba zenu zinakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Na halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini ile 2 ni mkopo, unarudishwa. Mkopo haumnyooshi mtoto miguu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Kwa maoni yangu mimi, kinachokosekana ni watu kumkalisha diwani na kumuuliza: kwenye bajeti ya Nyamagana, kwenye bajeti ya Ilemela, fungu la mazoezi ya viungo kwenye vituo vya afya vya kata liko wapi? Baraza la madiwani ni kikao cha wazi. Wazazi kumi wakiingia mle na watoto wao, hilo swali halirukwi. Hayo ni yangu, kila mtu anajua hali ya mtaa wake kuliko mimi niliye mbali.

Sasa wenzangu mlio Ohio, najua mnaangalia. Kwanza, kama huna uraia, kura usiiguse. Hata ukiwa na grini kadi. Ni kosa kubwa na linaweza kukurudisha nyumbani. Wewe kazi yako ni kuongea na wafanyakazi wenzako na majirani waliozaliwa hapa. Wenye uraia, hakikisheni mmejiandikisha, mwisho ni siku 30 kabla ya uchaguzi. Uliza kaunti yako inaomba mili ngapi, ni kodi mpya au ni ile ya zamani inayohuishwa, maana ikiwa ya zamani tayari ulikuwa unailipa. Piga hesabu ya nyumba yako, siyo ya kwangu. Ukishapiga, mimi naomba useme ndiyo.

Na msiishie kwenye majina makubwa. Swali la kodi linakaa mwishoni, chini ya majaji, na mara nyingine liko upande wa pili. Geuzeni karatasi.