Kwa Nini Mtoto wa Mbwa Aliye Bora Hauzwi kwa Kila Mwenye Fedha

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie lalamiko ambalo wafugaji wa mbwa wa mbegu, yaani wa aina safi, hulisikia kila mara: "Nimekwenda na fedha mkononi, nikamchagua yule mzuri kuliko wenzake, mwenyewe akakataa kuniuzia. Akanisukumia mwingine." Wapo wanaoondoka wamenuna. Wapo wanaorudi wakitaja bei kubwa zaidi, na hao ndio wanaoharibu kabisa, kwa sababu mfugaji makini akiona mnunuzi anajipandishia bei mwenyewe, anaanza kujiuliza mbwa huyu anatakiwa kwa kazi gani.

Kwanza, ninyi na mfugaji hamtazami kitu kimoja. Ninyi mnamtazama anayewakimbilia, mnene, mwenye macho ya kubembeleza. Mfugaji husubiri watoto wafikishe kama wiki 8, kisha huwapandisha mezani mmoja mmoja. Mkono mmoja chini ya kidevu, wa pili katikati ya miguu ya nyuma, anamsimamisha. Anaangalia bega limelalaje, goti la nyuma limepinda kiasi gani, mgongo umenyooka au umezama. Anafunua midomo aone kama meno ya juu yanayafunika kidogo yale ya chini. Akiwa dume, anapapasa ajue kama korodani zote mbili zimeshuka. Halafu anamwachia sakafuni, peke yake, katika chumba asichokijua, na kuangusha shada la funguo nyuma yake. Kushtuka si kosa. Anachotaka kuona ni kama atarudi kuzinusa.

Katika uzao wa watoto wanane, huenda akabakiwa na mmoja au wawili. Na hao nao ni matumaini tu! Meno ya utotoni ni 28. Yanang'oka, na yale 42 ya ukubwani hukamilika mtoto akiwa na miezi 7 hivi, na katika kipindi hicho taya linaweza kwenda upande usiotarajiwa. Nyonga ndizo zinazochelewa zaidi kusema ukweli. Shirika la Marekani linalokagua picha za eksirei za nyonga za mbwa, OFA, halitoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kwa hiyo mtoto "bora" ni swali litakalojibiwa baada ya miaka miwili. Ukimnunua, ukahama, ukabadilisha namba ya simu, umeondoka na jibu. Mfugaji hatajua kama kumkutanisha mama yule na baba yule kulikuwa na maana. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, ingawa wafugaji wenyewe hawaitaji sana.

Ipo pia ile inayofahamika: mara nyingi uzao ule ulitafutwa ili apatikane mama wa kesho. Mkulima hali mbegu yake, na jike mzuri ndiye mbegu. Hapo sina la kuongeza.

Kinachowakosesha wafugaji usingizi ni mnunuzi atakayezalisha bila kuuliza. Chukueni rangi ya mabaka inayoitwa mele, inayopatikana kwa mbwa kama kolie. Inapendeza mno. Mtu ananunua jike la mele, anamwona dume la mele kwa jirani, anasema hawa wamefanana, tuwakutanishe. Kila mtoto atakayezaliwa ana uwezekano wa moja kwa nne wa kurithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili, na watoto wanaoirithi hivyo wako katika hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi, au vipofu, au vyote viwili. Wazazi wote wawili ni wazima. Tena mele angalau inaonekana kwa macho. Yako magonjwa ya kurithi, kama aina kadhaa za kuharibika kwa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ambayo mbwa huyabeba maisha yake yote akiona vizuri kabisa, mpaka akutane na mbebaji mwenzake, ndipo ugonjwa hujitokeza kwa watoto wao.

Ndiyo maana kuna mikataba. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa mbegu, kilichoanzishwa mwaka 1873, humruhusu mfugaji kuweka zuio ili watoto wa mbwa aliyemuuza wasisajiliwe, na American Kennel Club ina usajili wenye mipaka unaofanya kazi hiyohiyo. Vipimo vikitoka vizuri, mfugaji anaweza kuliondoa. Kuna na umiliki wa pamoja, jina lako na lake kwenye cheti kimoja. Huo umevunja urafiki mwingi, kwa hiyo someni kila mstari.

Lakini nisiwatetee kupita kiasi. Wako wanaobana mbwa wazuri kwa kuogopa tu kushindwa kwenye maonyesho ya mbwa. Na kila mtu akikumbatia wake, halafu wote wakakimbilia dume mmoja bingwa, damu inakuwa finyu. Basenji, aina ya mbwa yenye asili ya Afrika, waliokuwa nje ya bara hilo walitokana na mbwa wachache mno, hata wafugaji wa Marekani wakasafiri hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta wapya, na mwaka 1990 daftari la usajili likafunguliwa kuwapokea. Mfugaji mwenye akili hataki mbwa wake wote bora walale chini ya paa moja. Anatafuta mtu wa kumpa: atakayepokea simu, atakayepiga eksirei kwa wakati, atakayekubali kuambiwa "huyu asizae."

Na yule "mwingine" mliyesukumiwa? Ana doa jeupe kifuani pasipotakiwa, au meno yamepishana kidogo. Mama ni yuleyule, malezi ni yaleyale. Kwa nyumba yenye watoto na kazi za kutwa, mara nyingi ndiye anayefaa zaidi, kwa sababu yule jasiri wa kwenye maonyesho hataki kukaa bure.

Mkienda, ombeni kuona majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili, kisha ulizeni huyu mnayepewa ana kasoro gani. Mfugaji wa kweli atawatajia papo hapo, na pengine atawachosha kwa maelezo. Anayesema hakuna kasoro hata moja, msimlipe.

Nipo tayari kwa maswali. Tuanze na umiliki wa pamoja, maana nimewaona waliocheka nilipoutaja.