Soda zilikuwa zake

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo! Leo siko Coventry kule Uingereza, niko nyumbani Tanga, hiyo adhana mnayoisikia ni ya hapa hapa Ngamiani. Nimefika juzi. Jana jioni tukakutana wanne tuliosoma pamoja, kwenye baa moja ya mtaani kule Chumbageni, viti vya plastiki chini ya mwembe, jiko liko nje.

Tuliagiza samaki, kolekole mzima wa kuchoma. Mhudumu akamleta kwanza mbichi kwenye sinia tumkague. "Huyu, au mkubwa zaidi?" Huyo huyo, dada. Samaki akarudi kapakwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili, ngozi imekauka juu, ndani nyama bado ina maji yake. Pembeni ndizi za kukaanga, kachumbari na ukwaju. Jamani, tulikula!

Bia alikunywa mmoja tu, sisi watatu soda ya tangawizi, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoniona kwenye video niko pabu, wananiandikia kwamba nimeshakuwa mlevi. Pabu ya mtaani Uingereza ni kama baraza: mchana familia zinakula na watoto wao, mzee yuko pembeni na gazeti lake. Mimi huenda kula.

Sasa bili ikaja. Nikaidaka. Rafiki yangu, fundi baiskeli, akatoa kwenye mfuko wa shati noti mbili za elfu mbili, kazikunja ndogo kama hirizi. Akasema, "Soda zangu mimi."

Nikausukuma mkono wake. "Acha bwana, leo nalipa mimi."

Akazirudisha mfukoni. Mtu aliyetuvunja mbavu tangu saa kumi na mbili, akainamia simu yake, kimya.

Hapo nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza ughaibuni, nikiosha vyombo. Kule vinywaji unavifuata mwenyewe kaunta na unalipa palepale, na marafiki hununuliana kwa zamu, wanaita raundi. Leo wewe umenunulia meza nzima, baadaye mwenzako. Wenzangu wa kazini walijua hali yangu. Zamu yangu ikifika, huyu anataka maji, yule soda ndogo. Lakini zamu yenyewe hawakuninyang'anya hata siku moja. Nilikuwa narudi chumbani nikijiona mtu kati ya watu.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe. Soda ni zako."

Akazitoa tena, akazinyoosha taratibu juu ya paja, akamkabidhi mhudumu kwa mkono wake. Kisha akaanzisha upya kile kisa cha mwalimu wetu wa hesabu alichokuwa amekikatisha.

Wenzangu mnaokuja likizo, mtu akitoa alichonacho, kipokeeni. Na ninyi mlioko hapa nyumbani, ukialikwa njoo, hata kama mfukoni hamna kitu. Jana tulipaswa kuwa watano. Leo asubuhi nimeambiwa wa tano hakuja kwa sababu hakuwa na hela ya kuchangia, akaona aibu. Imeniuma sana. Mchana nitamfuata kwake.

Fundi naye kanipigia sasa hivi: kesho supu ya pweza ni juu yake. Nimesema sawa, na chapati mbili.